Uso wa Mfungwa: Dreyfus na Waliomwandika

Wako waandishi wanaoamini kuwa uso wa mtu aliyehukumiwa ni kitabu kilichofunguliwa, na kwamba mwenye macho makali aweza kusoma humo hatia yake au usafi wake. Nakusudia kuipima imani hiyo kwa kisa cha Alfred Dreyfus, kapteni Myahudi katika jeshi la Ufaransa, aliyehukumiwa Desemba 1894 kwa shtaka la kuwapa Wajerumani siri za jeshi.

Tarehe 5 Januari, 1895, Dreyfus alivuliwa cheo hadharani mjini Paris. Mapambo ya vazi lake yalinyofolewa, upanga wake ukavunjwa, naye akapaza sauti kuwa hana hatia. Léon Daudet na Maurice Barrès, mabingwa wa kalamu wote wawili, walikuwapo wakaandika waliyoyaona. Insha zao zina nguvu, wala siwanyimi sifa hiyo. Walakini ukelele ule haukuwagusa. Uso usiolia ulikuwa kwao uso wa msaliti, na Barrès aliongeza chuki ya kabila. Hukumu ilitangulia, sura ikafuata. Huo ndio upungufu wa sanaa yao: wanatuonyesha uso, kumbe wanatusomea hati ya mahakama.

Ufundi huo ulianza kabla ya kesi. Tarehe 15 Oktoba, 1894, Meja du Paty de Clam alimwandikisha Dreyfus barua kwa imla, mara akamkemea kuwa anatetemeka. Dreyfus akajibu kuwa vidole vyake vina baridi. Baadaye mwandiko ulipotazamwa, haukuonyesha mtetemeko. Du Paty akageuza hoja, akasema kutotetemeka ni dalili ya mtu aliyejitayarisha. Mtego wa namna hiyo hauna mlango wa kutokea.

Msomaji atauliza: je, Meja Forzinetti, mkuu wa gereza la Cherche-Midi? Huyu alimwona mfungwa akilia na kujigonga, akaamini kuwa hana kosa, akasema hivyo kwa wakubwa wake. Alipata kweli, na mwaka 1897 imani hiyo ilimpotezea kazi yake. Namheshimu sana. Hata hivyo kilio cha chumbani chaweza kuwa cha mkosa pia, na imani ya Forzinetti haikumfungua Dreyfus. Kilichomfungua ni karatasi: mwandiko wa Esterhazy, na hati ya kughushi ya Henry iliyofichuka Agosti 1898.

Kesi ya pili, mjini Rennes mwaka 1899, yastaajabisha zaidi. Safari hii walionung'unika ni rafiki zake. Sauti yake ilikuwa kavu, mikono yake haikucheza. Walitaka mdhulumiwa awatoe machozi. Akahukumiwa tena, kwa kura 5 dhidi ya 2, kisha akasamehewa. Ukavu huo umo pia katika kitabu chake cha mwaka 1901, *Cinq années de ma vie*, nami nauona kuwa ndio fahari yake, kwa kuwa haombi kusadikiwa kwa machozi.

Hapa namkumbuka Karama wa *Kusadikika*, riwaya ya Shaaban Robert ya mwaka 1951. Naye ni mshtakiwa, lakini utetezi wake wote ni hoja na visa vya wajumbe, siku baada ya siku, na baraza hulazimika kusikiliza. Dreyfus alingoja hadi Julai 1906 ndipo mahakama kuu ya Ufaransa ilipoifuta hukumu yake.