Bunduki Kongwe na Bunduki Kuukuu

Kiswahili kina maneno mawili ya kueleza kitu kilichoishi siku nyingi. Tukiusifu mti au mji wa kale, twasema ni mkongwe. Tukiitazama nguo iliyochakaa, twasema ni kuukuu. Tofauti ya maneno haya haimo katika hesabu ya miaka, bali imo katika jicho la mtazamaji na haja aliyo nayo. Katika makala haya tunakusudia kuitumia tofauti hiyo kupimia jambo lililoenea katika nchi za Ulaya na Marekani, nalo ni mapenzi ya kumiliki na kupiga bunduki za zamani za kijeshi. Jambo hili latuhusu, kwa kuwa baadhi ya bunduki za namna hiyo zilibebwa na babu zetu, na nyingine zilielekezwa vifuani mwao.

Kwanza hatuna budi kuyatendea haki mapenzi hayo. Katika viwanja vya shabaha vya Bisley, nchini Uingereza, watu hukutana hadi leo kupiga bunduki aina ya Lee-Enfield, ambayo asili yake ni mwaka 1895. Huko Marekani, raia anayetimiza masharti aweza kununua bunduki aina ya M1 Garand, iliyopokewa na jeshi la nchi hiyo mwaka 1936. Wanaofanya hivyo si wote wapenda vita. Wengi huvutwa na ufundi: kitako cha mti kilicholainishwa na viganja vya watu wasiojulikana, komeo la chuma linaloteleza bila kukwama baada ya miaka mia moja. Wengine huvutwa na historia, maana juu ya chuma hupigwa chapa ya kiwanda na mwaka, na anayeishika huhisi kwamba amemshika mkono mtu wa zamani. Wengine tena huvutwa na nidhamu. Bunduki ya namna hii haimsaidii mzembe. Mpigaji hutuliza pumzi, hulenga kwa jicho tupu, huvuta kifyatulio polepole, kisha huvumilia teke la begani. Karatasi ya shabaha humwambia ukweli bila upendeleo.

Mvuto huu si mgeni kwetu. Mwalimu aliyewahi kuwapeleka vijana makumbusho anajua mahali wanapokusanyika kwanza: si penye vyungu wala mikeka, bali penye silaha. Kuwakemea hakufai kitu. Kinachofaa ni kuuliza swali: ukongwe wa bunduki humpendeza nani, na kwa sababu gani?

Tuanze na biashara ya karne ya kumi na tisa. Majeshi ya Ulaya yalipoacha bunduki za kushindiliwa mdomoni na kuchukua zile za kujaziwa nyuma, za zamani hazikutupwa. Wafanyabiashara walizileta Unguja na pwani, zikapanda bara pamoja na misafara, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu na hata kwa watu. Hizi ndizo tulizoziita magobore. Watawala wa bara, akiwamo Mirambo wa Unyamwezi aliyefariki mwaka 1884, walijenga nguvu zao kwa silaha hizo. Kwa hiyo Mwafrika wa wakati ule alikuwa na bunduki ya zamani ya kijeshi, lakini hakuichagua kwa kuipenda. Aliuziwa kuukuu la mwenzake.

Kisha lililokuwa biashara likawa sheria. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliozuia bunduki za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, na kuacha mlango mdogo kwa magobore ya jiwe na baruti ya kawaida. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na hatukatai kwamba bunduki zilikuwa zimeitia nguvu biashara hiyo. Lakini matokeo yake yalikuwa dhahiri: mtawala alijiwekea jipya, mtawaliwa akaachiwa la kale.

Miaka kumi na mitano baadaye vita vya Maji Maji vilionyesha maana ya mgawanyo huo. Wapiganaji wa kusini walikuwa na mikuki, mishale na magobore. Tarehe 30 Agosti, 1905, mbele ya boma la Mahenge, walikabiliwa na bunduki za rashasha. Wasomaji wengi huitazama imani ya maji kama ujinga tu. Sisi twaona kwamba maji yaliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali, na pia yalijaribu kuziba pengo la silaha ambalo lilikuwa limechimbwa kwa makusudi. Ebrahim Hussein aliliona jambo hili katika tamthilia yake ya Kinjeketile, ya mwaka 1969. Shujaa wake anakataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo, maana anajua neno hilo litatumiwa dhidi ya vizazi vijavyo.

Hata Mwafrika aliyevaa sare ya mkoloni hakuepuka kuukuu. Vita Kuu ilipofika mwaka 1914, askari wengi katika jeshi la Wajerumani hapa kwetu walikuwa bado na bunduki aina ya Mauser ya mwaka 1871. Ilipiga risasi moja tu kabla ya kujazwa tena, na baruti yake ilitoa moshi mzito. Mpenzi wa silaha za zamani huupenda sana moshi huo. Katika uwanja wa shabaha huutazama ukipanda, huunusa, akafurahi kwamba ameonja siku za kale. Lakini kwa askari aliyelala nyasini, moshi ule ule ulikuwa kidole kinachomwonyesha adui mahali alipo, naye adui alikuwa na Lee-Enfield ya risasi kumi na baruti isiyo na moshi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

Askari hao walitoa hukumu yao wenyewe juu ya ukongwe. Baada ya Waingereza kushindwa Tanga, mwezi Novemba 1914, mamia ya bunduki mpya zilizoachwa ziliokotwa na kugawiwa. Jeshi hilo liliposalimisha silaha huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba, 1918, bunduki zake nyingi zilikuwa zimetekwa kutoka kwa Waingereza na Wareno. Hakuna aliyelia kwa kuiacha Mauser ya 1871. Aliyeibeba kwa lazima aliitupa kwa furaha.

Sasa tutazame Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927. Kama kazi ya sanaa ina nguvu: mwili umeinama mbele, singe imeelekea bandarini, shaba yote yaonekana iko mbioni. Lakini aliye juu, anayeonekana toka mbali, ni mwenye bunduki peke yake. Sanamu ya Nairobi imemsimamisha mpagazi karibu na askari. Ya kwetu haikumpandisha hapo. Hali wapagazi waliochukua mizigo ya vita ile walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, na hawakuwa na bunduki ya kumwachia mtu yeyote aihifadhi. Kumbukumbu yao kubwa zaidi katika jiji hilo ni jina la Kariakoo, linalotokana na jina la kikosi chao.

Mtu aweza kutupinga kwa kusema kwamba mpenda shabaha wa Bisley hana hatia ya mambo haya. Kweli, hana. Hoja yetu si kumhukumu mtu, bali kuhakiki jicho. Bunduki huwa kongwe mkononi mwa yule aliyekwisha kupata mpya, au asiyehitaji yoyote. Mkononi mwa aliyelazimishwa kuitegemea, ni kuukuu. Anayeusifu uzuri wake bila kuuliza habari hiyo amesoma nusu ya kitabu.

Kwa walimu tunapendekeza jambo jepesi. Vijana wakisimama mbele ya bunduki ya kale, waachwe kwanza waistaajabie, maana ufundi ni ufundi. Kisha waulizwe maswali matatu: Nani aliiunda? Nani aliibeba, na je, aliichagua? Nani alisimama mbele ya mdomo wake? Swali la kwanza mara nyingi limekwisha kujibiwa na chapa iliyo juu ya chuma. Mawili yanayobaki hayana chapa. Kuyajibu ndiyo kazi ya utamaduni wetu, na kazi hiyo haijakwisha.