Neno "Give Up" na Makosa ya Kulifasiri

Liko neno la Kiingereza ambalo kila mwanafunzi hukutana nalo mapema, na wengi hukaa nalo mpaka uzeeni kwa maana moja tu. Neno lenyewe ni "give up". Ukimwuliza aliyesoma maana yake, atakujibu mara moja, "Ni kukata tamaa." Jibu hilo si uongo, walakini ni kipande cha ukweli, na mwenye kushika kipande akidhani ni kitu kizima aweza kumharibia mtu jina lake.

Tuseme imekuja barua ya Kiingereza yenye habari kwamba mzee fulani "gave up his land" ili kijiji kipate mahali pa kujenga shule. Mfasiri asimama mbele ya watu, asoma: "Mzee huyu alilikatia tamaa shamba lake." Wasikiaji watafahamu nini? Watafahamu kwamba mzee alishindwa kulima, akaliacha liote magugu. Kumbe alitoa mali yake kwa hiari, naye astahili shukrani. Neno moja lililofasiriwa vibaya limegeuza ukarimu kuwa uvivu.

Asili ya neno hili yatufaa kuijua. "Give" ni kutoa, na "up" ni juu. Lakini yakiungana hayasemi habari za kutoa kitu juu. Wako watawa wa Peterborough, huko Uingereza, waliokuwa na kitabu cha kumbukumbu za miaka, ambacho habari zake za mwisho ni za mwaka 1154. Kitabu hicho chasimulia jinsi Mfalme Stephen alivyowatia maaskofu kifungoni mpaka wakazitoa ngome zao, jambo lililotukia mwaka 1139. Na hapo mwandishi ametumia maneno haya haya mawili, kwa Kiingereza cha siku zile. Basi maana ya kale ndiyo hii: kukiweka mikononi mwa mwingine kitu ulichokuwa umekishika.

Maana hiyo si ngeni kwetu. Katika vitendawili, wasikiaji wakishindwa kufumbua, mtegaji huwaambia, "Nipeni mji," nao humpa mji. Mtoto wa Kiingereza akishindwa vivyo hivyo husema, "I give up." Yeye hutoa asitaje anachotoa, sisi twakitaja. Lakini pande zote mbili hakuna aliyekata tamaa, maana kesho jioni watoto wale wale watarudi kutegana tena.

Waingereza wenyewe wanayo maneno mengi yaliyo jirani na hili. "Surrender" ni kusalimu amri, au kumtolea kitu aliye na nguvu. "Renounce" ni kukana haki au dai kwa kauli iliyo wazi. "Resign" ni kujiuzulu kazi. "Abandon" ni kutelekeza, yaani kuacha kitu pasipo mtu wa kukitunza. "Stop" ni kuacha tu. "Despair" ndilo hasa kukata tamaa. Mengi ya hayo yalitoka katika Kifaransa, baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, na baadhi yake hupendwa zaidi katika barua za ofisini. Katika mazungumzo ya nyumbani na njiani, "give up" huweza kushika mahali pa karibu yote.

Kwa hiyo yampasa mfasiri aulize kwanza: Ni kitu gani kilichotolewa? Kimekwenda kwa nani? Kilitoka kwa hiari au kwa nguvu? Aliye "give up" tumbako ameiacha. Aliye "give up" kiti chake kwa mama mwenye mtoto amempisha. Mkimbizi wa sheria aliyekwenda mwenyewe kituoni amejisalimisha. Mgonjwa ambaye waganga wame-"give up", huyo ndiye waliyemkatia tamaa. Neno la Kiingereza ni moja. Ya kwetu ni manne, wala moja halikai mahali pa jingine.

Tena tusidhani kwamba lugha yetu ni maskini kwa kukosa vineno kama "up". Kazi ile Mwingereza anayoifanya kwa kineno cha nyuma, sisi mara nyingi twaifanya kwa mkia wa neno lenyewe. Baba huacha kazi. Humwachia mwanawe shamba. Huachilia kamba aliyoishika. Na mama humwachisha mtoto ziwa. Shina ni lile lile, na maana hugeuka kila mara.

Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa Kiingereza chepesi chenye maneno 850, ambamo vitendo ni 18 tu. "Surrender" na "abandon" hayamo. Badala yake hutumiwa maneno mafupi yaliyounganishwa, kama "give up". Kusudi lake twalisifu, maana alitaka kumpunguzia mgeni mzigo. Lakini hesabu yake ina kasoro. "Give" limehesabiwa, na "up" limehesabiwa, ila "give up" halikuhesabiwa, hali ni neno la tatu lenye maana yake peke yake. Mzigo haukupungua, umefichwa tu, na mwanafunzi ataugundua akiwa njiani.

Kwa wanaojifunza kuandika, twaongeza mambo mawili. Husemwa "give it up", wala si "give up it". Tena husemwa "give up smoking", wala si "give up to smoke", ijapokuwa sisi twasema "kuacha kuvuta".

Orodha za maneno ambazo watoto hunakili, neno moja la Kiingereza upande huu na moja la Kiswahili upande ule, zafaa kwa kisu na kikombe. Kwa maneno ya namna hii hazifai. Mwalimu na aandike sentensi nzima, aseme ni nani ametoa nini na kumpa nani, ndipo aitafute tafsiri. Mfasiri huaminiwa na pande mbili zisizoweza kusikilizana pasipo yeye. Na yule mzee aliyetoa shamba lake hawezi kujitetea kwa lugha asiyoijua.