Pongo Mmoja, Misimu Mingi

Wageni wanaoshuka Vwawa huulizia kimondo. Hupelekwa Ndolezi, wakakipiga picha kile kipande kikubwa cha chuma, kisha wakarudi barabarani kuwahi basi la Tunduma. Sijasikia hata mmoja akiuliza ni nani hapa anayejua kusoma nyayo. Siwalaumu, maana hata sisi wenyeji tumeacha kuuliza.

Mzee ninayemkusudia ni mkulima wa kahawa, na jina lake nalihifadhi kwa kuwa hapendi kutajwatajwa. Enzi zake, msimu ulipofunguliwa tarehe 1 Julai na kibali kikapatikana, alilipia mnyama mmoja tu: pongo. Wala si pongo yeyote. Alimfuata dume mmoja, msimu baada ya msimu, katika korongo lenye kijito chini ya mashamba, huku madume wengine wakipita mbele ya bunduki yake naye akiwatazama tu. Vijana walimcheka. Mkewe hakuchoka kumkumbusha kwamba kibali ni hela, na hadithi haziungwi nyanya.

Lakini ukimjua pongo utaelewa. Huyu haendi kwa makundi. Huishi peke yake, na eneo lake ni dogo. Aweza kuzaliwa, kuzeeka na kufa katika vichaka vilevile, hatua chache kutoka majumbani mwa watu, nao wasimjue ila kwa majani ya maharage yaliyoliwa usiku. Dume akizeeka, hudhurungi yake hugeuka nyeusi na manyoya ya shingoni huwa mafupi kabisa. Akishtuka hubweka, na asiyemzoea hudhani ni mbwa wa jirani. Mnyama wa namna hiyo anafuatika kama mtu mmoja anavyofuatika, kwa tabia zake.

Kuna asubuhi alikubali niandamane naye. Tulishuka korongoni jua likichomoza. Kiunoni alifunga kitambaa chenye majivu. Kila baada ya mwendo mfupi alikipiga kwa kidole, akaangalia vumbi linaelekea wapi, kisha akabadili njia bila kusema neno. Penye tope karibu na maji alisimama. Nikataka kusogea, akanizuia kwa kiganja. Alizunguka, akachuchumaa upande ambao unyayo ulikuwa kati yake na jua, ili kivuli kijae kwenye kingo zake.

"Ndiye, babu?" nikanong'ona.

"Subiri, mjukuu wangu. Hujamsalimia, unataka kumjua jina."

Ukwato wa mbele wa kulia ulikuwa umemeguka ncha. Ndani ya unyayo matone ya umande yalikuwa yamedondoka na kuacha vijitobo, na juu yake, kwa kimo cha goti, uzi wa buibui ulikuwa umevuka njia, mzima. Mzee akauonyesha ule uzi kwa jani la nyasi, asiuguse. Pongo alipita usiku mapema, buibui hajaanza kazi yake. Kumfuata kwa nyuma ni kupoteza muda. Basi badala ya kuendelea kutazama chini akainua uso, akatega sikio, na kwa mbali tukasikia tumbili. "Wako kwenye mkuyu. Wao ni wafujaji, wanakula nusu na kutupa nusu. Mwenzetu yuko chini anaokota." Tulienda taratibu mno, nami nilimwona kwa nukta moja: mgongo mweusi, kisha weupe wa chini ya mkia ukizama kichakani. Bunduki ilikuwa bado begani.

Mambo hayo hakuyapata kwa msimu mmoja. Alijua dume yule hulala wapi Agosti nyasi zinapochomwa, na huvukia wapi kijito kikijaa, kwa sababu masika pia alishuka, mikono mitupu. Anasema tabia hiyo ilimwanza uwindaji ulipofungwa nchini mwaka 1973 hadi 1978: silaha ilikaa ndani, miguu ikakataa kukaa. Wanyiha wa kale wa huku kwetu walisifika kwa kufua chuma na kufuata tembo; yeye alibaki na pongo, na sidhani kama ni mrithi mdogo.

Kuna Mmarekani, Ernest Hemingway, aliyekuja Tanganyika kuwinda na mwaka 1935 akatoa kitabu kizima juu ya safari hiyo, Green Hills of Africa. Humo anamsumbukia tandala dume. Naye kasoro yake ni haraka: alihesabu siku, mvua ziko njiani, na mwenzake anapata pembe kubwa kuliko zake. Kitabuni, kazi ya kusoma ardhi iko zaidi mikononi mwa watu wa nchi hii. Dunia ikalikumbuka jina la mwenye bunduki.

Pongo wa korongoni hakufa kwa risasi. Kijana alipita na pikipiki akiuza nyama ndani ya kiroba. Mzee akaomba kuiona miguu. Waya wa klachi ulikuwa umetegwa palepale kwenye kivuko, na aliyeutega hakujua amemkamata nani. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza mitego hiyo, inakataza na kumulika wanyama kwa tochi usiku, lakini waya haulipiwi kibali wala hauchagui jike mwenye mimba. Siku hizi nyamapori ina mabucha yake halali, na hilo ni jema; ila hata huko mnunuzi huuliza bei ya kilo, akaondoka.

Wataalamu wa TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, huhesabu wanyama kwa ndege. Tembo na nyati wanaonekana kutoka juu. Pongo aliyejibanza chini ya kichaka, nani atamwona? Mzee anaweza kukwambia bila ndege: amebaki jike na ndama wake upande wa juu wa korongo, na dume kijana aliyehamia karibuni ambaye bado hajaizoea mikuyu. Hayo ya karibuni anaelezwa na wanawake wanaochota maji, kwa kuwa magoti hayamshushi tena. Hajatokea ofisa wala mtafiti wa kumuuliza, na wajukuu zake wako stendi wanasubiri abiria.