Tumeonyeshwa makabati, kazi hatukuionyeshwa

Leo sichambui kitabu wala filamu. Nachambua ziara ya picha, zile unafungua kwa kompyuta, unagusa mshale, na unajikuta ndani ya nyumba iko mbali sana na wewe. Maabara kubwa za Ulaya na Marekani zinatengeneza ziara kama hizo ili watu wa kawaida waone supakompyuta zao.

Tulionyesha moja Mumosho, kwa darasa la kisomo cha watu wakubwa, wengi wao bamama walimaji. Tuliirekodi Bukavu mjini na kuibeba kwa flashi, sababu kule mtandao ni wa kubahatisha. Ilikuwa ya Barcelona, kule MareNostrum 4 iliwashwa mwaka 2017 ndani ya kanisa dogo la zamani, Torre Girona. Makabati yalikuwa yamejipanga ndani ya sanduku kubwa la vioo, chini ya matao ya kanisa.

Niseme kwanza uzuri wake. Bila viza, bila tiketi, mama mwenye kuwa hajawahi kuvuka mpaka aliingia mahali ambapo hata sisi wenye diploma hatujaingia. Mmoja akacheka, "Ee Mungu wangu, bameweka mashini mahali pa altare!" Darasa lote likaamka. Hapo ziara ilishinda.

Kisha ikaanza kushindwa. Kabati, kabati tena, taa ndogo, nyaya, korido. Kisha hesabu: matrilioni ya mahesabu kwa sekunde moja. Mama mmoja mzee akainua mkono: "Mwalimu, sawa, tumeona nyumba. Sasa ile mashini njo inafanyaka nini?"

Nilimjibu vibaya. Nilimtajia El Capitan ya California, iliyoshika nafasi ya kwanza duniani Novemba 2024: mahesabu zaidi ya bilioni ya mabilioni kwa sekunde. Nikaongeza kwamba mtu akifanya hesabu moja kila sekunde, kumaliza bilioni ya mabilioni kutamuchukua miaka zaidi ya bilioni 30. Akaniangalia tu, kwa huruma. Nilikuwa nimempa hesabu ya kushangaza, sikumpa jibu.

Lawama yangu kwa ziara hizi iko hapo. Zinamfanya mtu mkubwa kuwa mtalii. Zinadhani akistaajabu, amejifunza. Lakini mtu mwenye kulea watoto, kuuza mihogo na kuhesabu faida yake hataki kustaajabu peke yake. Anataka kujua kazi ya kitu, gharama yake, na nani anakituma.

Kazi ya supakompyuta inaelezeka kabisa kwa maneno ya hapa kwetu. Sisi tunajua salongo. Shamba kubwa, mtu mmoja atalima mwezi mzima. Tukienda mia moja, kila mmoja na kipande chake, kabla ya jua kali tumemaliza. Supakompyuta ni salongo ya vichakato maelfu na maelfu. Na zile nyaya nyingi? Chukua utabiri wa mvua. Kituo cha Ulaya cha utabiri, chenye mashine zake Bologna, Italia, kinagawanya dunia nzima kwa miraba ya kilomita 9 hivi. Vichakato vinagawana miraba hiyo, na kila mara vinaulizana na jirani, sababu wingu la kwako likisukumwa na upepo litaingia kwangu. Nyaya ni kwa ajili ya maulizo hayo. Ziara ilituonyesha wenye majembe wamesimama mustari. Shamba halikuonekana.

Tena, kilomita 9 ni nyingi kwa mahali kama petu. Mraba mmoja unaweza kumeza kipande cha bonde la Ruzizi pamoja na milima ya juu yake, kama vile ni udongo mmoja wa urefu mmoja. Mvua ya milimani haiko hivyo. Tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe, maji na mawe vilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 wakafa. Sisemi mashine ingewaokoa. Onyo linahitaji pia redio, barabara, na mahali pa kukimbilia. Nasema mtu wa hapa ana haki ya kujua kwamba swali la mvua yake linaulizwa mahali fulani, na kwamba linaulizwa kwa jicho lenye kuona mbali lakini si karibu.

Gharama nayo, ziara iliipita haraka. Ni papa mmoja aliuliza: "Inakulaka umeme ngapi?" Huyo, nilikuwa na jibu lake. Mumosho wanajua kituo cha Ruzizi ya pili, kilichoanza 1989 kwa ajili ya nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi. Kinaweza kutoa megawati karibu 44. El Capitan peke yake inakula karibu 30. Kelele ikajaa chumba! Mashine moja, karibu theluthi mbili ya kituo cha nchi tatu, na wao wenyewe wengine wanasomea kwa tochi ya simu. Sentensi hiyo moja ilifundisha kuliko korido zote.

Na nani anaituma? El Capitan, kazi yake ya kwanza ni mambo ya silaha za nyuklia za Marekani. Nyingine zinatafuta dawa, zinachunguza hali ya hewa. Mashine haichagui swali. Mwenye nayo ndiye anachagua.

Basi, nashauri tuache ziara? Hapana. Kanisa lile lenye mashini wanalizungumzia mpaka leo. Lakini wenzangu mnaofundisha, musiwashe picha kwanza. Anzeni na mto, anzeni na salongo, halafu muulize darasa: ungekuwa na ile mashini wiki moja, ungeituma nini? Nilipomuuliza yule mama mzee mwisho wa kipindi, hakuchelewa: "Iniambie mvua itaanza siku gani, nisipoteze mbegu." Hapo ndipo somo lilianza, na saa ilikuwa imeisha.