Wakili Aliyekosekana Venisi

Tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuiita Mabepari wa Venisi ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Jina lenyewe lilikwisha kutoa hukumu kabla pazia halijafunguliwa: Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja, Mwalimu akawatia wote katika kapu moja la mabepari. Juu ya Kiswahili chake wamesema wengi, nami sina la kuongeza. Nataka kuitazama ile sehemu ya mahakama, maana ndiyo wanayoikumbuka hata wale waliosahau mengine yote. Kwa miaka mingi nimewasikia wanachuo na walimu wenzangu wakimsifu Portia kuwa ni mfano wa wakili hodari.

Mimi nasema Portia hakuwa wakili wa mtu. Anaingia mahakamani katika mavazi ya kiume, akiwa na barua ya Daktari Bellario, ili amshauri Mtawala juu ya sheria. Hiyo ni kazi ya upande wa hakimu. Na mshauri huyu ni mke wa Bassanio, yule yule ambaye kwa ajili yake Antonio alikopa dukati 3,000! Hapa kwetu Nyakatuntu, hata wazee wanaoamua mpaka wa shamba la migomba wangemtaka mtu wa namna hiyo akae pembeni.

Hilo hata hivyo ni dogo. Shylock aliingia mle akiwa mdai. Baada ya muda mfupi, katika kikao kile kile, anageuzwa mshtakiwa wa kosa linaloweza kumpotezea uhai: mgeni aliyekusudia kumuua raia. Haulizwi kama anakiri au anakana. Hapewi hata siku moja ya kufikiri, wala mtu wa kumsemea. Mali yake inagawanywa, naye anaamriwa abadili dini. Watazamaji hupiga makofi.

Je, alikuwa na utetezi? Alikuwa nao, tena mzuri. Mkataba ule Antonio aliutia sahihi kwa hiari yake, na Portia mwenyewe alikuwa amekwisha kutamka kwamba sheria ya Venisi inauruhusu. Mtu anayedai mbele ya mahakama kile ambacho mahakama imemwambia ni haki yake, atahesabiwaje kuwa amekula njama ya kuua? Sisemi Shylock alikuwa mwema. Kisu alikwisha kukinoa. Nasema swali hilo halikuulizwa kwa sababu hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuliuliza.

Mwaka huo huo 1969 Bunge letu lilitunga sheria ya msaada wa kisheria katika kesi za jinai, ili mshtakiwa asiye na uwezo aweze kupewa wakili kwa gharama ya Serikali. Sheria nyingine ya mwaka 2017 ilichukua nafasi yake. Anayeshtakiwa kwa mauaji mbele ya Mahakama Kuu, tuseme pale Bukoba, akikosa fedha hupangiwa wakili. Lakini wa unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao kifungo chake hakipungui miaka 30, mara nyingi husimama peke yake katika mahakama ya wilaya, akimhoji shahidi kwa maswali ambayo hajui yatamfikisha wapi. Katika mahakama za mwanzo mawakili hawakuruhusiwa kabisa mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 2021, tena ni pale tu anapoketi hakimu mkazi.

Huku kijijini naulizwa mara kwa mara: "Mwalimu, wakili anawezaje kumtetea mwizi?" Huwajibu kwamba Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa, na kwamba anayepaswa kuthibitisha, bila kuacha shaka ya maana, ni upande wa mashtaka. Wakili haruhusiwi kuidanganya mahakama. Anachoruhusiwa ni kudai kila ushahidi upimwe. Aghalabu hawaridhiki. Lakini nimewaona baadhi yao, mtoto wao alipowekwa mahabusu, wakiuza kahawa kwa butura, ikingali maua mtini, ili wapate fedha za kumlipa wakili yule yule waliyekuwa wakimbeza.

Ningependa mwalimu yeyote anayefundisha tamthilia hii aache kwanza lile swali la mtihani kuhusu tabia ya Portia. Awaambie wanafunzi waandike maneno ambayo wakili wa Shylock angeyasema mbele ya Mtawala kabla ya hukumu. Kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha, na wenye kumchukia zaidi Shylock ndio waanze kusoma walichoandika.