Kitabu cha Rodney Chini ya Mkorosho

Kitabu cha Walter Rodney nilikisoma mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa sekondari Chidya, katika miaka ya 80. Kilikuwa hakina jalada, na kilipita mkono kwa mkono bwenini mpaka kurasa zikalegea. Jina lake ni How Europe Underdeveloped Africa, yaani jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuungaunga, na ukurasa mmoja uliweza kutumaliza jioni nzima mbele ya koroboi. Hata hivyo tulikielewa, au niseme tulielewa kile tulichotaka kukisikia: kwamba umaskini wetu una mwenyewe, na mwenyewe huyo yuko ng'ambo.

Rodney alikuwa mwana wa Guyana aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu chake kilitoka mwaka 1972, Dar es Salaam na London, na yeye mwenyewe aliuawa kwa bomu mjini Georgetown mwaka 1980. Hoja yake kuu ni nyepesi kuieleza: Ulaya haikutangulia huku Afrika ikibaki nyuma kwa bahati mbaya, bali Ulaya ilitangulia kwa kuinyonya Afrika. Tuliuza mali ghafi, tukanunua vilivyotengenezwa. Reli na barabara hazikujengwa ili watu watembeleane, bali ili mazao yafike bandarini.

Kijana wa Masasi hakuhitaji kwenda mbali kuupata ushahidi. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zilizochaguliwa. Nia ilikuwa kuipatia Uingereza mafuta ya kula baada ya vita. Msitu ulifyekwa kwa mitambo, bandari ya Mtwara ikachimbwa, reli ikalazwa hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Karanga hazikustawi kama ilivyotarajiwa, na mwanzoni mwa miaka ya 60 reli nayo ikang'olewa. Reli iliyokuja kwa ajili ya karanga za mwingine iliondoka pamoja na karanga hizo. Hapo Rodney ana haki yake yote, na sijaona aliyempinga akafaulu.

Basi likizo moja nikarudi nyumbani nimejaa maneno. Jioni, chini ya mkorosho, nikamhutubia mjomba wangu. Nilimweleza ubepari, mabwana wa Ulaya, soko la dunia. Mzee alinisikiliza kwa subira huku anapanga korosho juu ya gunia. Nilipomaliza akaniuliza, "Mpwa wangu, yule aliyetuhamisha toka kwenye mikorosho yetu kutupeleka kijijini, alikuwa Mzungu?"

Sikumjibu. Nilidhani hajaelewa. Miaka mingi imepita kabla sijatambua kwamba swali lile ndilo uhakiki bora wa kitabu kile niliopata kuusikia.

Nimtendee haki mwandishi. Katika dibaji yake anasema wazi kwamba mzigo wa maendeleo, mwisho wa yote, uko mabegani mwa Waafrika wenyewe. Lakini akishasema hivyo, kitabu kinaendelea mbele na mzigo ule haurudi kupimwa. Mkulima ndani yake anatozwa kodi, anatumikishwa, anapunjwa. Ni mara chache tunamwona akipiga hesabu zake, akikataa, akikosea au akishinda. Hilo ndilo pungufu kubwa ninaloliona. Mtu anayetendewa tu, hata kwa huruma, hajaheshimiwa sawasawa.

Tazama korosho. Mti wenyewe ni mgeni. Ulitoka Brazili, ukaletwa pwani yetu na Wareno katika karne ya 16. Wazee wa uwanda wa Makonde na Masasi waliupanda, wakala mabibo, wakatengeneza uraka, wakauza korosho, na kwa fedha hizo wakajenga nyumba na kusomesha watoto. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, watu wakawekwa mbali na mashamba yao. Bei ikawa duni na malipo yakachelewa. Ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Mjomba hakuandamana wala hakuandika gazetini. Aliacha tu kupalilia. Maelfu walifanya kama yeye, na mgomo ule wa kimya uliitikisa nchi kuliko hotuba.

Na wakati huo huo serikali ilikuwa imekopa, pamoja na fedha za Benki ya Dunia, ili kujenga viwanda vya kubangulia. Vilifika 12, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Vilipokuwa tayari, korosho hazikuwapo. Viwanda kadhaa baadaye viligeuka maghala, korosho ghafi zikingojea humo meli ya kwenda India. Nani alaumiwe? Mkopeshaji aliyekopesha bila kuuliza mashamba yana hali gani? Au sisi, tuliojenga kinu huku tunamfukuza mwenye nafaka? Nadhani wote wawili, na ndiyo maana kitabu chenye mkosaji mmoja hakinitoshi.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani namwachia mgeni aende zake. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, jambo lilikuwa baya zaidi. Katika miaka ya 90 Benki ya Dunia iliishinikiza serikali ya huko, iliyotoka tu vitani, ipunguze ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, ati mkulima apate bei nzuri. Viwanda vikafungwa, na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakapoteza kazi. Hapo Rodney angetikisa kichwa na kusema, niliwaambieni.

Lakini angesemaje juu ya mwaka 2018? Mwezi wa Oktoba wakulima wa Mtwara walikataa mnadani bei iliyokuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo. Novemba, Rais Magufuli aliamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaja kuzibeba. Tulishangilia. Kisha serikali ikahangaika kutafuta mnunuzi huko nje, na wakulima wengi wakangoja fedha zao kwa miezi. Waliokuwa wameuza mapema kwa kangomba walipata hasara juu ya hasara. Mkulima alikataa, dola ikasimama naye, na bado bei ilikuwa mikononi mwa mtu wa mbali. Jambo hili halimo kwenye kitabu, wala halikumo kwenye swali la mjomba. Linawahitaji wote wawili.

Mjomba amekwisha kufariki, na mikorosho yake sasa naitunza mimi. Msimu unapofika napeleka magunia chama cha msingi, napewa stakabadhi, nangoja mnada. Nauza ghafi, kama wote. Kitabu ninacho bado, nakala nyingine yenye jalada zima. Vijana wakiniazima nawapa kwa furaha, maana sijui kingine kinachomfungua kijana macho upesi hivyo. Ila nawaomba wakishakimaliza wakae na mzee mmoja wa hapa kijijini, wamwambie walichokisoma, na akiwauliza swali, wasinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.