Kitambaa Kikavu

Petroli inayovuja kwenye pikipiki ya zamani hujitangaza kwa harufu kabla haijaonekana kwa macho. Katika nyumba nyingi za Gongoni, mjini Tabora, pikipiki hulazwa uani au sebuleni kwa kuogopa wezi, na anayeamka wa kwanza kuwasha moto wa chai ndiye anayeinusa. Chini ya injini mchanga una doa la ukubwa wa kisahani. Jua likipanda, doa halipo. Kwa kuwa petroli hukauka upesi, mvujo mdogo unaweza kudumu miezi kadhaa huku mwenye pikipiki akilalamika tu kwamba siku hizi mafuta hayakai.

Hayakai kweli. Tone la petroli ni dogo kuliko tone la maji; kama matone 50 hufanya mililita moja. Pikipiki inayodondosha tone moja kila sekunde, tangu saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, humwaga karibu mililita 860, yaani zaidi ya robo tatu ya lita katika usiku mmoja. Hasara ya fedha si kitu ukilinganisha na hatari yenyewe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautawanyiki kwenda juu bali hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango na kujikusanya penye bonde. Unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo Tabora haijapata kuiota. Jiko la mkaa lililo hatua chache kutoka pikipiki inayovuja ni ajali inayosubiri wakati wake tu.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kufunga koki na kuisukuma pikipiki nje, kivulini, mbali na jiko, kibatari na mwenye sigara. Injini huachwa ipoe kabisa. Ndoo ya mchanga mkavu huwekwa karibu, kwani maji yakimwagwa juu ya petroli, petroli huelea juu yake ikiendelea kuwaka. Hapo ndipo hutolewa chombo kikuu cha kazi hii, nacho si spana. Ni kitambaa cha pamba, safi na kikavu.

Mafuta hudondokea pengine na kuvujia pengine. Petroli ikitoka kwenye koki huteremka kwa nje ya mpira wa mafuta, huzunguka kabureta, hufuata mbavu za injini na mwisho huning'inia kwenye boliti iliyo chini kuliko zote. Anayeanzia pale tone linapodondokea atafungua kabureta nzima iliyokuwa salama, ataharibu gasketi yake, na jioni tone litakuwepo vilevile. Makosa ya aina hii ni ya kila siku, na ndiyo yanayofanya pikipiki za zamani zionekane zina mikosi. Nyingi hazina mikosi yoyote. Zimefunguliwa mno mahali pasipostahili.

Anayeijua kazi hufuta kila kitu kuanzia tangi hadi chini, akitumia mswaki wa zamani kwenye pembe ambazo kidole hakiingii. Kisha hufungua koki na kukaa. Kukaa huku ndiko kugumu. Dakika 5 hupita, 10 hupita, na mkono unawasha kutaka kukaza kitu. Kwa mvujo ulio mdogo sana hutumika hila ya chaki: chaki ya ubaoni husagwa ikawa unga, unga ukapakwa kwa brashi kwenye viungo vyote vilivyokauka. Petroli inapojipenyeza, unga mweupe hugeuka kijivu, na ukingo wa juu wa ule ukijivu ndio mlango wenyewe. Kiangazi cha Tabora hufanya kazi hiyo hiyo bila kuombwa. Vumbi la barabarani hunata palipolowa, na petroli iliyokauka mara nyingi huacha utando wa rangi ya chai ya rangi, kiasi kwamba pikipiki ambayo haijaoshwa huweza kusomwa kama barua. Ni kosa kuiosha kabla ya kuisoma.

Upekuzi hufuata njia ya mafuta yenyewe, kutoka juu kwenda chini. Kifuniko cha tangi hakichukui muda: kikivuja, huvuja tangi likiwa limejaa pomoni au barabara inaporusha, na mpira wake mpya humaliza neno. Tangi ndilo linalohitaji uangalifu. Huoza kwa ndani, kwa sababu maji yaliyoingia pamoja na mafuta au kwa unyevu wa masika hulala sehemu ya chini kabisa, na hapo chuma huliwa kimyakimya mpaka rangi ya nje ivimbe kama lengelenge. Kitundu cha namna hiyo huzibwa kwa muda kwa sabuni ya kipande iliyofikichwa na kusuguliwa mahali palipovuja, kwani petroli haiyeyushi sabuni. Ni dawa ya safarini inayomfikisha mtu nyumbani. Kuitegemea mwezi mzima ni uzembe. Dawa ya kudumu ni kuchomelea, na hapa lazima isemwe wazi kwamba tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, maana petroli haiwaki mpaka iwe mvuke, na tangi tupu lina mvuke uliochanganyika na hewa. Mafundi wenye akili hulisuuza mara nyingi, kisha hulijaza maji na kuacha nafasi ndogo tu ya hewa pale moto utakapogusa. Wasio na akili hiyo huwa na makovu.

Chini ya tangi kuna koki, na kwenye pikipiki ya umri mkubwa koki ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ndani yake mna mpira mdogo wa mviringo wenye matundu, ambao mkono wa koki huukandamiza. Miaka ya petroli na joto huukausha ukawa mgumu kama ngozi ya ngoma. Dalili zake ni mbili: unyevu unaozunguka mkono wa koki, au mafuta yanayoendelea kutiririka hata koki ikiwa imefungwa. Ya pili hugunduliwa kwa kuchomoa mpira wa mafuta na kuuelekeza kwenye chupa. Koki ikifungwa, chupa isipate hata tone. Kuna pia oringi inayokaa kati ya koki na tangi, na hiyo ikichoka huloweka koki yote kwa nje na kuifanya isingiziwe kosa lisilo lake.

Mpira wa mafuta hupasuka kwenye ncha zake, chini ya klipu, mahali jicho halifiki mpaka klipu isogezwe. Ukikunjwa na kuonyesha nyufa nyembamba kama za udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, hutupwa. Wengi huukata sentimita moja na kuuchomeka tena, nao hukubali mara moja, pengine mara mbili, hadi uwe mfupi na kukaa umevutika. Ndipo unapochomoka.

Kabureta ndiyo sehemu yenye mengi. Bakuli lake hujazwa mafuta, boya hupanda nayo, na boya likifika juu husukuma sindano ifunge tundu. Choo cha kuvuta maji hufanya hivyohivyo kila kinapojaa. Boya likitoboka na kuingiwa na mafuta halielei tena, sindano haifungi, mafuta hufurika na kutoka kwa mpira wa kumwagia ulio chini ya bakuli. Boya huchomolewa na kutikiswa karibu na sikio. Mafuta yakisikika yakicheza ndani, jibu limepatikana. Yasiposikika, boya huzamishwa kwenye maji ya moto, yaliyochemshiwa mbali na pale kazi inapofanyika, na vipovu vinavyopanda kutoka pembe fulani huonyesha tundu lisiloonekana.

Mara nyingi zaidi boya ni zima na mkosaji ni chembe ya kutu kutoka kwenye tangi, ndogo kuliko punje ya ulezi, iliyokaa kati ya sindano na kiti chake. Ndiyo maana kugonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi huweza kukomesha furiko papo hapo: chembe imehama. Itarudi, kwa kuwa zilizobaki bado zimo tangini. Sindano yenyewe hutazamwa juani. Ncha yake inapaswa kuwa laini kuzunguka pande zote. Ikionyesha mstari kama pete iliyochorwa kwa wembe, imelika, na hakuna kuisugua kutakakoirudisha. Kisha kuna mambo madogo ambayo hayahitaji maneno mengi: skrubu ya kumwagia mafuta isiyokazwa, gasketi ya bakuli iliyobanwa vibaya, uzi wa skrubu ulioliwa na fundi mwenye nguvu kuliko subira. Mwili wa kabureta ni wa aloi laini. Skrubu zake hukazwa kwa vidole na kuongezewa kidogo, basi.

Sindano isiyofunga huleta jambo moja baya zaidi ya harufu. Kama mpira wa kumwagia umeziba, mafuta yanayofurika hupitia mlango wa kuingilia hewa hadi ndani ya silinda, yakapenya pembeni mwa pistoni na kushuka kwenye oili. Kijiti cha kupimia oili huonyesha kiwango kimepanda ingawa hakuna aliyeongeza kitu, na kijiti chenyewe kinanuka petroli. Injini ya namna hiyo haipigwi kiki hata mara moja kabla oili yote haijamwagwa na kubadilishwa, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli hailainishi chochote.

Ufundi huu una wenyewe Tabora. Mji ulikua kwa safari ndefu: misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilitua Unyanyembe, eneo la Tabora, na wasafiri Burton na Speke walioondoka pwani Juni 1857 walifika Kaze, Tabora ya leo, Novemba ya mwaka huo, wakapumzika zaidi ya mwezi kabla ya kuendelea magharibi. Siku hizi asali na magunia ya mkaa hupanda pikipiki. Anayeharibikiwa katikati ya miombo kuelekea Sikonge au Urambo hana gereji karibu, na asiyejua kulifuata tone hadi linakoanzia ataisukuma. Miaka ya karibu zaidi ilileta pia mashine zinazokubali kutazamwa. Honda CG125, iliyotoka 1976, ilibuniwa kwa ajili ya watu wasioifanyia matengenezo inavyotakiwa, na viwanda vya China vimeinakili sana hivi kwamba spea zake nyingi hupatikana bila shida. Urahisi huo una madhara yake. Mafundi wengi sasa hubadilisha kabureta nzima kwa sindano moja iliyochakaa, na kabureta ya asili, iliyotengenezwa kwa umakini zaidi, huishia kwenye lundo la vyuma chakavu.

Vya kuepukwa vinajulikana. Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli ukikatwa uwe gasketi huvimba kwenye petroli na kuteleza kutoka mahali pake. Silikoni ya kuzibia hulainika, ikamenyeka, na vipande vyake huenda kuziba vijitundu vya kabureta, hata mwenye pikipiki aliyekuwa na tatizo moja anabaki na mawili. Karatasi ngumu ya boksi, iliyochongwa kwa kugongwagongwa kwa nyundo ndogo kwenye ukingo wa chuma, hufaa pale penye uso bapa, lakini penye mfereji wa oringi haifai kitu.

Spea ikishawekwa, pikipiki hufutwa tena yote, koki hufunguliwa, na gazeti hutandazwa chini yake kwa saa moja huku mtu akiwapo kulitazama. Usiku koki hufungwa na gazeti jingine hutandazwa. Petroli hukauka, lakini wino ulioloweshwa huchujuka na karatasi hujikunja, kwa hiyo gazeti halifichi kitu. Asubuhi likikutwa limenyooka na maandishi yake yakisomeka, mvujo umekwisha.